Projekta ya Filamu ya Milimita 16 Isitafune Filamu Yako: Mwongozo Kamili wa Kuifufua na Kuitunza

Kosa ni lile lile kila mara. Projekta imekaa stoo ya shule au parokia miaka na miaka. Inatolewa, inafutwa vumbi la nje, inachomekwa ukutani, na filamu pekee iliyopo inawekwa papo hapo "tuone kama inafanya kazi". Baada ya dakika mbili mashimo ya filamu yamechanika, picha inarukaruka, na mashine inarudishwa stoo ikiwa na jina baya.

Fuata mpangilio ulio hapa chini bila kuruka hatua. Filamu nzuri ndiyo kitu cha mwisho kabisa kuingia kwenye mashine.

## Vifaa vya kuandaa

- Bisibisi za aina zote mbili, ndogo na za kati, pamoja na spana za L. Mashine za Marekani hutumia vipimo vya inchi, za Japani milimita. Ukilazimisha spana isiyo yake utaharibu kichwa cha skrubu.
- Brashi laini ya rangi yenye upana wa sentimita 1 au 2, na kipuliza cha mpira.
- Isopropili (alkoholi ya kusafishia) ya asilimia 99. Mafundi wa simu wanayo.
- Vijiti vipya vya muchomo (mishikaki) vya mianzi, vichongwe ncha bapa kama patasi.
- Vijiti vya pamba na kitambaa cha pamba kisichotoa nyuzi.
- Mafuta mepesi ya cherehani na grisi nyeupe ya lithiamu.
- Multimita, tochi, lenzi ya kukuzia, na rula ya chuma ya mita 1.
- Filamu chakavu ya milimita 16, mita 4 au 5, isiyo na thamani kwa mtu yeyote.
- Kiunganishio cha filamu na tepu yake maalumu yenye mashimo.
- Balbu ya picha, balbu ya sauti, belti na fyuzi za akiba.

Usibadilishe isopropili na kitu kingine. Sanitaiza ya mikono ina gliserini, nayo huacha utando. Spiriti ya hospitali mara nyingi hutiwa mafuta. Waragi, pombe kali ya Uganda, ina maji mengi, na maji hulainisha upande wa filamu wenye picha. Kila kimoja kati ya hivi kimewahi kutumika, na kila kimoja huacha kazi ya kufanywa upya.

Tepu ya kawaida ya karatasi nayo isiguse filamu. Gundi yake hutoka pembeni kwa joto, ikagandisha tabaka moja la filamu na jingine.

## Hatua ya 1: Umeme, kabla ya kugusa swichi

Soma bamba la nyuma au la chini ya mashine. Umeme wa Uganda ni volti 240, hezi 50 (hezi ni mizunguko ya umeme kwa sekunde). Kama bamba linasema volti 110 au 120, unahitaji transfoma ya kushusha. Kwa mashine yenye balbu ya wati 250, chukua transfoma ya wati 750 au zaidi, maana mota, feni na amplifaya navyo vinakula umeme.

Wengi hukwama hapa wakidhani wamemaliza. Transfoma hubadilisha volti, haibadilishi hezi. Mota nyingi za projekta hizi huenda kwa mwendo unaofuata hezi, kwa hiyo mashine iliyopangwa kwa hezi 60 ikipata 50 itaonyesha fremu (picha moja moja za filamu) 20 kwa sekunde badala ya 24. Watu watatembea kama wanaota, na sauti ya mwanamke itashuka iwe nzito kuliko kawaida. Fungua kifuniko cha nyuma utazame puli ya mota. Mashine nyingi zina puli yenye ngazi mbili. Hamisha belti iende kwenye ngazi kubwa zaidi, ambayo ndiyo ya hezi 50.

Jenereta ndogo ina tatizo hilo hilo, tena halitulii. Mzigo ukiongezeka, injini inazubaa na hezi zinashuka. Kama unaonyesha kijijini kwa jenereta, usiunganishe friji wala spika kubwa za muziki kwenye laini moja na projekta. Multimita yenye kipimo cha hezi itakuonyesha ukweli.

Kagua waya wote kuanzia plagi hadi ndani. Mpira wa zamani hukauka na kumeguka ukiukunja. Ukimeguka, badilisha waya mzima, weka wa nyaya tatu, na hakikisha waya wa athi umeshikana na chuma cha mwili wa mashine. Ndani ya plagi weka fyuzi ya ampea 5. Ile ya 13 inayokuja na plagi itaacha waya uungue kabla yenyewe haijakatika.

Onyo: mashine za zamani zenye vali za kioo kwenye amplifaya hubeba volti mia kadhaa, na kapasita zake hushika umeme hata baada ya plagi kuchomolewa. Kama hujawahi kufanya kazi ndani ya redio ya vali, mpe fundi aliyeizoea.

## Hatua ya 2: Izungushe kwa mkono

Plagi ikiwa bado imechomolewa, tafuta kitasa cha kuzungushia kwa mkono. Kizungushe taratibu, kwa mwelekeo wa kwenda mbele tu, huku ukitazama ndani ya geti, pale picha inapopita mbele ya mwanga. Utaona ukucha, yaani vijino vidogo vinavyochomoza, vinavuta chini, vinarudi ndani na kupanda tena. Kila mzunguko wa ukucha unashusha fremu moja.

Kitasa kikiwa kizito mwanzo hadi mwisho, grisi imeganda. Usiongeze mafuta juu yake. Futa grisi ya zamani kwa kijiti na isopropili hadi meno ya gia yaonekane safi, kisha paka mpya kiasi cha punje ya mchele kwa kila gia. Kwenye beringi na ekseli, matone 2 ya mafuta ya cherehani yanatosha. Yakizidi yatarushwa hadi kwenye filamu na lenzi. Mafuta ya kupikia yasikaribie kabisa, hugeuka gundi.

Kitasa kikikwama mahali pamoja kila mzunguko, au ukisikia "tak" inayojirudia, usiwashe mota. Kwa mashine za Bell & Howell za familia ya TQ na ndugu zake, chunguza gia ya skrubu ya plastiki iliyo kwenye ekseli ya shata, yaani kile kinachozunguka na kukata mwanga filamu inaposogea. Plastiki ile husinyaa kadiri inavyozeeka, lakini chuma cha ekseli hakisinyai, basi gia hupasuka kwa urefu. Mpasuko unaweza kuwa mwembamba kama unywele. Mulika kwa tochi ya pembeni huku ukizungusha. Gundi haishiki hapo, hata iwe kali kiasi gani. Gia mpya huuzwa na wauzaji maalumu wa vipuri vya projekta, na huagizwa kutoka nje.

Kabla ya kuitoa ya zamani, tia alama ya rangi kwenye gia zinazokutana na kwenye shata, kisha piga picha kwa simu. Shata ikirudi nje ya mahali pake kwa jino moja tu, maandishi meupe kwenye ukuta yatakuwa na mkia wa mwanga kwenda juu au chini, kwa sababu filamu inasogea wakati mwanga bado uko wazi.

Umefaulu ikiwa kitasa kinazunguka laini, bila kukwama, na ukucha unatoka na kuingia bila kugusa kingo za geti.

## Hatua ya 3: Mota na belti

Washa mota peke yake, bila balbu na bila filamu. Ikivuma bila kuzunguka, kizuizi kwa kawaida ni kapasita ya kuanzishia mota. Chomoa plagi, unganisha ncha mbili za kapasita kwa rezista ya ohmu 10,000 kwa sekunde 10 ili itoe umeme wake, ndipo uitoe. Mpya iwe na mikrofaradi zile zile, na volti zile zile au zaidi. Iwe ya mota ya umeme wa nyumbani, ile wanayotumia mafundi wa feni na pampu za maji. Ya redio italipuka.

Belti za mpira zilizozeeka huwa za aina mbili: zilizokakamaa na kupasuka, na zilizoyeyuka zikawa kama lami. Za pili ni kero kubwa zaidi. Kwangua lami kwa kijiti, malizia kwa isopropili hadi puli isinate kidoleni. Belti za duara zinaweza kubadilishwa na pete za mpira kutoka kwa wauza sili za haidroliki. Pima mzingo wa njia ya belti kwa uzi, kisha chagua pete fupi kuliko uzi kwa takriban asilimia 5. Ikibana sana inakula beringi na kufanya rili ya kupokea ivute filamu kwa nguvu.

Puli ya chuma iliyolika, au bushi iliyopanuka, si mwisho wa mashine. Katwe, mtaa wa mafundi Kampala, kuna mafundi wa kereza. Mpelekee fundi kipuri chenyewe pamoja na ekseli yake. Usimpelekee vipimo vya karatasi peke yake.

Umefaulu ikiwa mota inaenda dakika 20 bila harufu ya kuungua, na feni inasukuma hewa unayoisikia mkononi.

## Hatua ya 4: Safisha njia yote ya filamu

Hapa ndipo mashine nyingi hufia, na ndipo watu hutumia muda mchache kuliko wote.

Fungua lenzi, toa bamba la kubana. Elekeza tochi kwenye reli mbili ambazo kingo za filamu huteleza juu yake. Utaona madoa meusi yanayong'aa, magumu kama kucha. Hayo ni mabaki ya tabaka la picha la filamu zilizopita, yaliyokauka kwa joto. Doa moja dogo linatosha kuchora mstari kwenye filamu nzima, na likikua linaongeza msuguano hadi ukucha unashindwa kuvuta na kuanza kuchana mashimo.

Lowesha doa kwa isopropili, subiri dakika moja, kisha lisukume kwa kijiti cha mwanzi kufuata urefu wa reli. Rudia. Usitumie kisu, bisibisi wala wembe, hata doa likionekana limeshinda. Mkwaruzo wa chuma kwenye reli haufutiki, nao utachora kila filamu kuanzia siku hiyo.

Endelea hivyo na magurudumu yote ya meno, roli zote ndogo, na ngoma ya sauti, ile filamu inayoizunguka sauti yake inaposomwa. Zungusha kila roli kwa kidole. Isiyozunguka inasugua filamu. Hakikisha bamba la kubana linarudi lenyewe kwa springi ukilisukuma. Likilegea, picha hutikisika wima.

Lenzi isafishwe mwisho, kwa kipuliza kwanza ndipo kitambaa. Maeneo ya kando ya Ziwa Victoria, kama Entebbe na Jinja, lenzi zilizofungiwa sandukuni huota kuvu wenye umbo la nyuzi za buibui. Kuvu wa juu hufutika. Wa ndani ya vioo anahitaji lenzi ifunguliwe na mtu anayejua.

## Hatua ya 5: Jaribu kwa mkanda wa duara

Fremu ya milimita 16 ina urefu wa milimita 7.62. Kata filamu chakavu yenye fremu 480, ambayo ni mita 3.66. Ipitishe kwenye mashine kama kawaida, kisha unganisha ncha mbili nje ya mashine ili iwe duara lisilo na mwisho. Msaidizi aliongoze lisiguse sakafu.

Washa mota, tazama kiunganisho kikipita, pima kwa simu. Kwa fremu 24 kwa sekunde, duara linachukua sekunde 20, yaani mizunguko 3 kwa dakika. Likichukua sekunde 24, uko kwenye fremu 20: rudi kwenye puli ya hezi 50.

Acha lizunguke mara 10, litoe, likague kwa lenzi ya kukuzia chini ya tochi ya pembeni. Mashimo yakiwa na kingo zilizokunjika, ukucha umechakaa au filamu haijakaa sawa kwenye meno. Ukiona mstari mrefu usiokatika, kuna kitu kinasugua.

Kujua ni wapi, chukua kipande cha filamu nyeusi kisicho na mkwaruzo, kipitishe, simamisha mashine kikiwa katikati. Kabla ya kukitoa, weka alama kwa kalamu kila kinapogusa roli, geti na ngoma. Kikitoka, tazama mstari unaishia kwenye alama ipi. Hapo ndipo penye kosa. Mbinu hii inaokoa saa nyingi za kubahatisha.

## Hatua ya 6: Mwanga

Soma herufi tatu kwenye balbu. ELC ni volti 24, wati 250. EJL ni volti 24, wati 200. Weka ile ile iliyoandikwa kwenye mashine. Usiguse kioo chake kwa vidole. Jasho huacha chumvi na mafuta ambayo kioo kikipata joto hugeuka doa na kupasuka. Ukigusa, futa kwa isopropili kabla ya kuwasha.

Balbu zikiungua mfululizo, acha kulaumu balbu. Toa soketi uitazame. Miguso iliyolegea au kuwa myeusi hutoa cheche na joto, na balbu mpya itakufa kama ya kwanza. Badilisha soketi. Feni ikiwa haizunguki, usiwashe balbu hata kwa sekunde chache.

Ukimaliza kuonyesha, zima balbu lakini acha mota na feni viende dakika 3 hadi 5. Umeme ukikatika katikati ya onyesho, rudisha swichi zote kwenye sifuri na usiisogeze mashine hadi ipoe. Waya wa balbu ukiwa moto ni laini, na mtikisiko mdogo unaukata.

## Hatua ya 7: Sauti

Kwanza hakikisha balbu ndogo ya sauti inawaka. Kisha ongeza sauti kiasi, na bila filamu pitisha ukingo wa kadi ngumu kati ya balbu hiyo na kihisi chake. Spika ikitoa "tok", amplifaya ni nzima, na kosa liko kwenye uchafu, balbu iliyokaa upande, au filamu yenyewe. Kusipotokea kitu, fuata waya wa spika kwanza. Ni aibu ndogo, lakini mara nyingi ni plagi ya spika.

Mngurumo mzito usiobadilika ni dalili ya kapasita za kuchuja umeme zilizokauka. Sauti inayoyumba, hasa kwenye piano, hutoka kwenye ngoma chafu, filamu isiyokaza juu ya ngoma, au beringi kavu ya gurudumu zito lililo nyuma yake.

Midomo na sauti zisipokwenda pamoja, pima kitanzi cha chini, yaani ulegevu wa filamu unaoachwa chini ya geti. Sauti ya macho, ile inayosomwa kwa mwanga kutoka kwenye filamu, imechapwa fremu 26 mbele ya picha yake, kwa hiyo kati ya geti na ngoma ya sauti lazima kuwe na fremu 26. Kitanzi kikiwa kikubwa, sauti inachelewa. Kikiwa kidogo, inatangulia.

## Hatua ya 8: Kagua filamu kabla ya kuiweka

Fungua kopo, nusa. Harufu ya siki ina maana asetati, plastiki ya filamu yenyewe, imeanza kuoza. Filamu hiyo itengwe na nyingine, maana mvuke wake huharakisha kuoza kwa jirani zake.

Pima kusinyaa. Nyoosha fremu 100 kwenye rula ya chuma. Filamu nzima inasoma milimita 762. Chini ya 756 usiionyeshe, kwani ukucha hautakutana na mashimo na utayatoboa upya mahali pasipo pake.

Shika rili mbele ya mwanga, uitazame ubavuni. Ikipitisha mwanga, ni poliesta, plastiki nyingine ya filamu: haishiki gundi ya majimaji, iunganishwe kwa tepu tu. Poliesta pia haikatiki. Ikikwama, kinachovunjika ni mashine, kwa hiyo mkono wako usiwe mbali na swichi.

Filamu ya sauti ina mashimo upande mmoja tu. Kama gurudumu la meno la mashine yako lina meno pande zote mbili, hiyo ni mashine ya filamu bubu, na itatoboa njia ya sauti.

Ukikutana na filamu ya milimita 35 ya kabla ya 1952, usiiweke kwenye mashine yoyote. Inaweza kuwa naitreti, plastiki ya zamani ya filamu, ambayo ikiwaka haizimiki kwa maji wala kwa kufunikwa.

## Hatua ya 9: Onyesho lenyewe

Anza na filamu isiyo ya thamani kubwa. Tanguliza mita 1.5 za mkanda mtupu. Kwa mashine zinazojipitishia filamu zenyewe, kata ncha sawasawa kwa kikatio cha mashine na unyooshe mkunjo wake. Ncha iliyojikunja ndiyo sababu ya kwanza ya filamu kurundikana ndani.

Vitanzi viwili, juu na chini ya geti, lazima vibaki na ukubwa wake. Kimoja kikipotea, picha inakuwa ukungu unaoruka na mashine inatoa mlio wa kutafuna. Bonyeza kirudisha kitanzi mara moja. Kikipotea tena, simamisha. Kila sekunde unayosubiri ni fremu 24 zenye mashimo yaliyochanika.

Tazama pia rili ya kupokea. Filamu ikimwagika sakafuni, belti yake inateleza. Rili ikivuta kwa mishtuko, inabana mno.

## Matunzo

Piga geti brashi kabla ya kila rili. Rili ya futi 400 ni dakika 11 hivi, ya futi 1,600 ni dakika 44, kwa hiyo muda upo. Maonyesho ya nje kando ya ziwa huvuta wadudu kwenye mwanga. Wakiingia kwenye geti huungua wakaganda kama yale madoa meusi.

Vumbi jekundu la barabara za murramu ni chembe ngumu, linakwaruza. Usafirishe mashine kwenye sanduku lililofungwa, na ukifika, ipulize kabla ya kuifungua. Nyumbani usiiweke chini ya mabati yasiyo na dari, wala usiifunge kwenye nailoni wakati wa mvua, maana unyevu hunaswa ndani. Kitambaa cha pamba na pakiti chache za silika vinatosha. Mende na mijusi hupenda amplifaya; ziba matundu makubwa kwa wavu mwembamba wa chuma, si kwa tepu, ili hewa ipite.

Iwashe dakika 10 kila mwezi hata kama huna onyesho. Grisi hubaki laini, na bapa halitokei kwenye roli za mpira. Makopo ya filamu yalazwe, yasisimamishwe.

Ndani ya kifuniko bandika karatasi yenye herufi za balbu zote mbili, ukubwa wa kila belti, mikrofaradi za kapasita ya mota na ngazi ya puli iliyotumika. Anayekuja baada yako hatalazimika kufungua kila kitu ili ajue cha kuagiza.